Mfumo Niliomchagulia Baba Mkwe

Mnakuja hapa barazani kwangu na maswali yenu, mnanikuta nimejifunga blanketi miguuni kama gunia la viazi lililosahauliwa na lori, mnasema, "Mama Lusajo, mzazi wangu amezeeka, nataka kumpa kompyuta. Nimwekee mfumo gani ulio rahisi?" Nami huwa nawajibu papo hapo. Natoa vidole, mfumo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mnaondoka mmeridhika. Naomba mnisamehe. Majibu yale yalitoka kwa mtu ambaye swali hilo hilo lilimwangusha ndani ya boma lake mwenyewe. Hadi leo mwili wangu haujakaa sawa. Kuna wakati mboga inaungua jikoni na mimi nimesimama tu na mwiko mkononi, mpaka mume wangu anauliza kama nimesahau kazi ya mwiko.

Kwa msionijua vizuri: nimekula chakula cha kibodi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza na taipureta kwenye ofisi moja hapa Tukuyu, baadaye nikafungua stesheneri yangu karibu na soko, nikawa nachapa barua za watu, natoa kopi, na kompyuta zilipoingia nikazikaribisha kama wageni ambao hukuwaalika lakini wamekuja na sukari. Elimu yangu ni kidato cha nne, na daraja nililopata tuliache lipumzike. Mgongo ulipokataa kiti, nikafunga duka nikabaki nyumbani Lupepo nilikokuwa nikitokea kila asubuhi, mahali ambapo kusema kweli ndipo nilipotaka kuwa siku zote. Mbeya mimi naenda nikipelekwa na jino, na jino likitulia kabla ya kufika Kiwira, nashuka narudi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mama Tumpe, karani mkuu wa ile ofisi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alikuwa anafunika kibodi kwa kipande cha kitenge, mimi napitisha mikono chini yake, nachapa bila kuona. Yeye anageuka dirishani anakunywa chai. Nikikosea, hageuki.

"Hapo ulikuwa unatafuta herufi," anasema.

"Umejuaje, Mama, na hujaangalia?"

"Anayetafuta herufi anasikika kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Anayejua anasikika kama mvua. Wewe bado kuku."

Kuku nimebaki kidogo mpaka leo. Vidole vyangu vinane vinafanya kazi na viwili vimekuja kutembea tu. Lakini sikio alilonipa Mama Tumpe halijawahi kunidanganya. Nikiwa nimelala na homa, duka la pili kutoka langu, niliweza kusema ni nani aliyekaa kwenye mashine.

Halafu zikaja kompyuta, na nyie mkaja na misemo yenu. "Mama, nipigie windo." Hata kama mfumo wenyewe si huo, kwenu kila mfumo ni windo na kila tatizo dawa yake ni kupiga windo upya. Na mimi niliimeza tabia hiyo. Kompyuta ikipiga chafya, nafuta, naweka mpya. Nilikuwa na haraka ya daktari mwenye foleni. Ila kanuni moja sikuivunja hata mara moja dukani: kabla ya kugusa mashine ya mtu, nilimuuliza anaitumia kufanya nini, na nilifungua folda zake nikaangalia kuna nini cha kuokoa. Mwalimu, nesi, mzee wa kanisa, wote niliwachungulia bila aibu. Nimeona picha za harusi ambazo wenye harusi waliapa hawazijui.

Sasa hapa inabidi niwaeleze jambo kwa ajili ya wenzetu waliohamia, walimu na manesi waliotoka mikoa mingine, maana huwa wanacheka. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani na baba mkwe. Tunaita kutila. Akitokea njiani, mimi naingia kwenye migomba. Kama hakuna mgomba, nachuchumaa nimempa mgongo, kitenge kichwani, mpaka apite. Hatusalimiani, hatushikani mikono, hatukai chumba kimoja. Chakula chake napika mimi, kinapelekwa na mkono wa mwingine. Vijana wa sasa mnapiga picha na baba wakwe zenu mmeshikana mabega, na mimi sina neno. Lakini nilipoletwa hapa niliambiwa hivyo, nikashika hivyo. Nyumba mbili, jiko katikati, miaka thelathini na kitu. Nilikuwa najua kikohozi chake, kofia yake na visigino vya viatu vyake. Neno hata moja hatukuwahi kupeana.

Mama mkwe alipofariki, macho ya Baba yakaanza kuzima. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Sasa nawaambia sababu ya kompyuta, ingawa mimi mwenyewe niliijua nikiwa nimechelewa: Baba alitaka kuandika makaburi. Sisi tunazikana nyumbani, humu humu kwenye migomba, na wengi wa zamani hawana msalaba wala sementi. Aliyekuwa anajua nani kalala wapi amebaki mmoja, yeye. Vijana wanachimba misingi ya nyumba, wanapanda maparachichi ya kuuza, jembe halina habari. Alitaka aandike yote kabla giza halijafunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake. Mimi nilichofikishiwa ni hiki.

"Mama Lusajo," alisema mume wangu, "Mzee anataka kompyuta."

"Ya nini?"

"Ya kutumia."

"Kutumia kufanya nini?"

"Sasa si kompyuta? Anataka kufanya kompyuta."

"Baba Lusajo, rudi kamuulize anataka kufanya nini nayo. Ndilo swali la kwanza la kazi yetu."

Akaenda. Akakaa huko muda wa kuchemsha maharage. Akarudi na maparachichi matatu.

"Amesemaje?"

"Anasema haya yameiva, yaliwe leo."

"Na swali?"

"Lipi? Aa. Tuliingia kwenye habari za ng'ombe."

Basi nikaamua mwenyewe, fundi mzima. Nilikuwa na kompyuta moja ya zamani niliyotoka nayo dukani, nzito kama jiwe la kusagia, kumbukumbu yake ndogo. Ule mfumo ambao kila mtu anaufahamu ungeikalia kama tembo kwenye kigoda, na kila siku ungedai bando la kujisasisha, na mzee angeamka asubuhi akute vitu vimehama. Hilo mlishike: mzee haogopi mashine, anaogopa mashine inayohamisha vitu usiku kama wachawi. Kwa hiyo nikachukua mfumo wa bure, mwepesi, usioulizauliza. Nikazima masasisho yote. Nikaweka picha nne kubwa kama sahani: kwaya, redio, Biblia, na picha za familia. Sehemu ya kuandika niliiweka pembeni, ndogo, kwa sababu nilijiambia, mzee wa macho yale ataandika nini?

Nilijisifu. Nilimwita Baba Lusajo aje aone. Akaona, akasema sahani ya kwaya imependeza.

Somo la kwanza lilifanyika mimi nikiwa jikoni na wao wakiwa chumbani kwa Baba, dirisha wazi. Mimi nasema, mume wangu anarudia, kama tuko kwenye mahubiri ya mgeni.

"Mwambie abonyeze sahani ya kijani."

"Baba, anasema ubonyeze sahani ya kijani."

"Nimesikia," sauti ya Baba.

"Anasema amesikia."

"Na mimi nimesikia kwamba amesikia, Baba Lusajo. Ipo juu kushoto."

"Baba, ipo juu kushoto."

"Siioni."

"Anasema haioni."

Nikasema basi nitaikuza. Nikaikuza, ikajaa nusu ya kioo. Mtu haoni, mimi nakuza rangi. Hata sasa nikikumbuka najisikia kujipiga kofi, ila mkono nao ni wangu.

Baada ya mvua za mwanzo, mume wangu akairudisha kompyuta kwapani.

"Mzee anasema haimfai. Akiwa anafanya mambo yake, mara inaruka, kwaya inaanza kuimba."

Fundi mwenye akili angeuliza: mambo yake yapi? Mimi nikasema moyoni, mzee amechanganyikiwa. Nikaamua kufuta kila kitu nimwekee mfumo mwingine, rahisi kupita ule, unaowaka na kufungua ukurasa mmoja mweupe tu, kibao cha kugusia, kile cha kusogezea mshale, kimezimwa.

"Kuna kitu chake humu?" nikauliza.

"Atakuwa na kitu gani, Mama Lusajo? Macho yenyewe yale."

Nikaiwasha. Kwenye kioo palikuwa na folda. Niliiona, vijana, sitawaficha. Ingekuwa ya mteja ningekuwa nimeshaifungua kabla chai haijapoa. Lakini ilikuwa ya baba mkwe. Mkono ukagoma. Kuifungua niliona ni sawa na kusukuma mlango wa chumba chake cha kulala nikakuta nguo zake kitandani. Nikageuza uso pembeni, kweli kabisa, nikaangalia ukuta kama ninavyoangalia migomba akipita njiani. Na nikiwa nimeangalia ukuta, nikafuta diski nzima.

Kunakili si kusoma. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Ningeitupa folda ile kwenye flashi bila kuifungua, heshima ingebaki palepale na mimi nisingekuwa naandika haya. Halikunijia. Miaka yote ya kazi, na halikunijia.

Kompyuta ikarudi kwake. Kesho yake asubuhi nilikuwa jikoni nachambua maharage, nikasikia mvua. Nikainuka upesi kwenda kuanua nguo. Nje jua lilikuwa linawaka, nguo zinapepea, wala wingu. Na mvua inaendelea.

Nilisimama mlangoni na ungo mkononi. Ilikuwa inatoka dirishani kwa Baba. Vidole kumi. Hata kimoja hakikuwa matembezini.

"Baba Lusajo," nikaita kwa sauti ya chini. "Nani yuko kwa Baba?"

"Hakuna. Yuko peke yake."

"Nani anachapa?"

"Si yeye?"

"Baba anajua kuchapa?"

Mume wangu akaniangalia kama nimeuliza kama ng'ombe wana pembe. "Si alikuwa karani wa shamba la chai miaka yote ile? Alichapa hesabu za majani mpaka anastaafu. We hukujua?"

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Nimuulize nani?"

Akafikiri. Akacheka kidogo. "Kweli," akasema.

Katika boma langu, ng'ambo ya jiko langu, kulikuwa na mpiga chapa ambaye Mama Tumpe angemsimamia kwa heshima, na mimi nimemwekea sahani ya kwaya. Ndiyo maana ilikuwa inaruka: mtu wa vidole kumi huegemeza viganja, viganja vyake vilikuwa vinagusa kibao kile, mshale unakimbilia kwenye kwaya. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Aliyechanganyikiwa alikuwa na cheti ukutani.

Kisha mvua ikakatika. Baba akamwita mwanawe. Mume wangu alipotoka kule, uso ulikuwa umebadilika.

"Anauliza makaburi yako wapi."

"Makaburi gani?"

"Aliyoandika. Anasema ameandika makaburi yote ya hapa nyumbani, kidogo kidogo, tangu ulipompa mashine. Amebonyeza alivyozoea, kinafunguka kitupu, weupe ambao hata macho yake yanauona."

Ungo ukaniponyoka. Nilikaa chini palepale kwenye maharage, na safari hii haikuwa kutila.

"Mwambie asiguse tena," nikasema. "Hata kidole kimoja. Nenda kaichukue, usiifunge, usifanye chochote, ilete huku."

Hapa chukueni kalamu. Ukifuta, kilichofutwa hakijaondoka saa hiyo hiyo. Kimepoteza tu jina na mlango. Kinachokiua ni vitu vipya vinavyokaa juu yake. Kwa hiyo acha. Usiwashe na kuzima, usijaribujaribu, usiweke programu ya kuokolea kwenye diski hiyo hiyo, maana utakuwa unazika juu ya kaburi. Nilichomoa diski, nikaiunga kwa waya kwenye kompyuta nyingine, nikaanza kuchota vipande. Umeme ulikatika mara mbili nikaanza upya mara mbili. Siku mbili sikupika. Mume wangu alipika mbalaga, na ndizi zile zilinifanya nione kwamba adhabu zangu ndiyo kwanza zinaanza.

Vipande vilikuja bila majina, bila mpangilio. Ili nivipange ilibidi nivisome. Nikafunika kichwa kwa kitenge, mbele ya kioo, ndani kwangu, peke yangu, nikasoma. Alikuwa ameandika kikarani kabisa: namba, mtu, sababu, kipimo. "Na. 9. Mke wa pili wa babu yangu. Alifariki kwa uzazi. Hatua kumi na mbili kutoka kona ya zizi la zamani, kuelekea mto." "Na. 14. Mgeni aliyefia safarini, jina halikupatikana. Alipewa shuka la mama yangu." Aya moja nzima ilikuwa vurugu, herufi zimekaa kama ugomvi. Nikaitazama mpaka nikaelewa: siku hiyo alianza na mikono imesogea kitufe kimoja kulia, akachapa nusu ukurasa bila kuona. Nikairudisha herufi kwa herufi, kitufe kimoja kushoto, na mtu mmoja akatoka humo: dada yake Baba, aliyefariki msichana.

Kwa siku ya tatu nilikuwa na karibu yote. Kilichokosekana ni mwanzo. Mfumo wangu mpya ulikuwa umekaa juu ya ukurasa wa kwanza wote. Maandishi yalianza na nusu ya sentensi, kisha Na. 2.

"Nenda kwa Baba," nikamwambia mume wangu. "Mwambie yamepatikana, imebaki namba moja. Akutajie, uje uniambie."

Alikwenda, akarudi mikono mitupu, hata parachichi hakuna.

"Hanipi," alisema.

"Hakupi nini?"

"Namba moja. Anasema aliyefuta aje aulize."

Tulitazamana. Nafikiri kama angesema anataka kuoa tusingeshtuka hivyo.

"Mzee amechoka," mume wangu akasema. "Atasahau."

"Hajachoka. Umemsikia akichapa?"

Nilikaa siku nzima. Nilichuma chai, nikafagia mahali palipofagiliwa. Niliogopa, sitaki kujikweza. Mtu hakai miaka thelathini na kitu akiikwepa sura moja halafu aiendee kama anakwenda kuomba chumvi. Lakini namba moja ilikuwa kwake tu, na macho yale hayakuwa yananisubiri nimalize kufagia.

Asubuhi iliyofuata nikachukua kompyuta na kigoda, nikaenda nyuma ya nyumba yake. Nikakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, kitenge mpaka kwenye nyusi. Yeye ndani, kitanda chake upande wa pili wa ukuta huo huo. Nilisikia anavuta pumzi.

"Mugonile, Baba," nikamsalimu.

Nikasikia kitanda kikilia, anajigeuza kuelekea dirishani.

"Ndaga, mkamwana," akaitikia.

"Ni mimi niliyefuta."

"Najua. Mwanangu hawezi kufuta hata ubao." Akakohoa kile kikohozi chake. "Ni wewe uliyenichagulia kwaya?"

"Ni mimi, Baba."

"Nani alikwambia nataka kwaya?"

"Hakuna."

"Wateja wako ulikuwa unawauliza wanataka nini?"

"Nilikuwa nawauliza."

"Ehe," akasema, akaniacha niive kidogo. "Mimi nilitaka kitu kimoja. Kuandika naweza, vidole vinajua njia. Kusoma nilichoandika ndiyo siwezi. Sijui kama nimesema ukweli au nimeandika upuuzi. Nilitaka mashine inisomee."

Vijana, mashine za kusoma zipo. Ningejua, ningemwekea siku ya kwanza, na picha hata moja nisingeweka. Nikamwambia. Nikamwashia moja kwenye kompyuta ile, nikaisogeza karibu na dirisha. Ikasoma sentensi mbili za Na. 2 kama mtalii anayesoma kibao cha barabarani.

"Izime," Baba akasema. "Hiyo imemsoma babu yangu kama mwizi aliyekamatwa. Soma wewe."

Nikasoma. Na. 2, babu wa babu yake, aliyekuja na ng'ombe akajenga hapa. Baba akasikiliza, akasahihisha: siyo hatua kumi, ni kumi na nne, hatua zake za ujana zilikuwa ndefu. Nikarekebisha. Tukaendelea hivyo siku nne. Mvua ikipiga bati tulinyamaza, maana hakuna sauti inayoshinda bati la huku, tukasubiri, mimi kwenye kigoda changu chini ya upenu na yeye kitandani kwake. Ikikatika, anasema, "Ehe." Alinitania. Nikikosea kuchapa alisikia. "Umegonga mara mbili." "Hicho kidole chako kidogo kinaumwa?" Nilimwambia kipo likizo. Nikamsikia anacheka, na nilishtuka kwamba anacheka kama mume wangu.

Ikabaki namba moja. Mimi nilidhani ni utangulizi, au jina la shamba.

"Namba moja, Baba."

Nikamsikia anajiinua kitandani.

"Andika," akasema. "Namba moja. Mtoto wa kike wa mkamwana wangu. Alizaliwa hospitali. Hakulia."

Vidole vyangu vikasimama.

Kabla ya Lusajo palikuwa na mwingine. Mume wangu alikuwa Kyela kwenye kazi. Nilipozinduka pale wodini nilikuta amekwisha chukuliwa, na niliporudi nyumbani mama mkwe aliniambia mtoto wa namna ile haulizwi, akinamama wote hawaulizi. Sikuuliza. Mume wangu naye alikuta yamekwisha, hakuonyeshwa kitu. Tukazaa wengine, tukafuga, nikafungua duka. Hata nyie mnaokuja hapa barazani, hakuna niliyewahi kumwambia.

"Nilimzika mimi," sauti ikaendelea upande wa pili wa ukuta, taratibu, kikarani. "Nilimpokea hospitali, nikamleta ndani ya koti, kwa miguu, sikupanda gari. Hatua sita kutoka kona ya jiko, kuelekea mlima. Kichwa upande wa mlima."

Hatua sita kutoka kona ya jiko. Ni kipande kile cha ardhi ambacho nimekigombea tangu nikiwa mke kijana, kile chenye udongo mweusi na mgomba mmoja wa zamani. Kila mwaka nilimtuma mume wangu akaniombee nipande maboga. Kila mwaka jibu lilirudi: Mzee anasema hapana. Nimemwita mchoyo, jikoni, mbele ya watoto wake. Nimemwita mchoyo kwa sauti ambayo sasa najua ilikuwa inapita dirishani.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Mama yenu alikataza lisisemwe, aliona litakuvunja. Na mimi kwako sikuwa na mdomo." Akakohoa. "Wale wengine, hata jirani angebahatisha. Huyu anajulikana na mimi tu. Ndiyo maana nilianza naye."

Nilijaribu kuangalia kioo, hakikuonekana vizuri. Kutoka pale nilipokaa, kona ya jiko niliiona.

"Umeandika?" akauliza.

"Naandika, Baba."

Akasubiri. Hakunihimiza. Nikachapa neno moja moja, kama kuku, mpaka kwenye mlima, nikaweka nukta.

"Soma," akasema.

Nikakivuta kitenge nyuma kikaangukia mabegani, nikaiweka kompyuta vizuri mapajani, nikasoma kwa sauti, kuanzia namba moja.